Sahihi ya Siku ya Kaburi

Binti yangu anasoma uuguzi Kenya, upande ule ambao watu wa Kwakoa wakiamka asubuhi wanauona ng'ambo ya ziwa Jipe. Ana kibali cha kusoma chenye mhuri na picha yake. Alinitumia kwenye simu, nikakitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Ni karatasi safi. Lakini kibali kilitokana na pasipoti, pasipoti ikatokana na barua ya kijiji, barua ya kijiji ikatokana na daftari la msaragambo, na ndani ya daftari hilo kuna sahihi yangu inayosema kwamba siku fulani ya kiangazi nilikuwa kwenye kazi ya kijiji pamoja na wenzangu. Siku hiyo nilikuwa ndani kwangu, nimekaa sakafuni karibu na jeneza la mume wangu.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa. Sijalisema kanisani wala kwa ndugu. Kila nikitaka kulisema nasikia kinyaa, kama mtu aliyekunywa maji kisha akaona kilichokuwa chini ya kikombe.

Kwa asiyetoka Upare, msaragambo ni kazi ya wote. Barabara ikikatika, darasa likitaka mawe, ndiva ikijaa tope, watu wanaitwa na kila nyumba inatoa mtu. Zamani ilipigwa pembe. Siku hizi mwenyekiti wa kitongoji anatuma ujumbe kwenye kundi la simu, na asiye na simu anaambiwa na jirani. Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwenye mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Tope likizidi, maji yanapungua, na maharage ya watu yanakauka. Kwa hiyo hakuna anayebishana na msaragambo. Hata mimi sibishani nao.

Kijijini kwetu, juu huku milimani, hakuna faini ya kukosa. Wazee walikataa faini, wakasema mwenye nacho atanunua jasho la mwenzake. Ukikosa siku, unadaiwa siku hiyo. Na nyumba yenye siku za kudaiwa haipati barua yoyote ya kijiji mpaka ilipe. Nilipoolewa nilikuta utaratibu huo nikauona mzuri. Ni mzuri bado, ukiusikia tu.

Mume wangu aliumwa figo. Tulimshusha hospitali mara tatu, na mara ya mwisho hakurudi kwa miguu yake. Akiwa bado kitandani kule tambarare, barua ya chuo ilifika. Dada yake, aliyeolewa Taveta, upande wa Kenya, miaka mingi, ndiye aliyetafuta hicho chuo na kupeleka vyeti vya binti yetu. Nikampelekea mume wangu barua ile. Akaniomba miwani. Aliisoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata mistari, halafu akaikunja vizuri akanirudishia.

"Aende," alisema. "Hata nisipokuwepo, aende."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema, "Mimi nimesema aende. Hilo lingine umelisikia wewe."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, hakupenda maneno yake yaongezwe chumvi. Siku tisa baadaye tulimpandisha nyumbani kwenye jeneza.

Chuo kilikuwa kimeandika wazi. Mwanafunzi wa kutoka nje ya Kenya haruhusiwi kuingia darasani bila kibali cha kusoma, na nafasi isiyochukuliwa wiki ya kwanza anapewa anayefuata kwenye orodha. Kibali kinaombwa kwa pasipoti. Matanga yalipokwisha tukashuka Same, mimi na binti yangu. Upepo wa Same ulitujaza vumbi mdomoni, tukapiga picha za pasipoti, tukatoa nakala za vyeti, tukaapa mahali pa kuapa. Kila kitu kilipatikana. Ikabaki barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, ile ambayo watu wote walituambia ndiyo rahisi kuliko zote.

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja chenye dirisha la mbao. Mtendaji ni kijana, si wa huku. Nilimkuta anakula muwa. Anang'ata, anatafuna, anafyonza mpaka mwisho, kisha anatema makapi kwenye kopo la rangi chini ya meza. Makapi mengine yalikuwa yamekosa kopo yakabaki sakafuni, na nzi walikuwa wameshayafikia.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba."

"Pole tena na msiba. Sisi tulikuwepo, uliona."

"Asante," nilisema. Sikuwa nimeona mtu yeyote.

Nilimweleza shida yangu. Akatabasamu kwa meno yenye nyuzi za muwa. "Barua hii ni dakika mbili mama. Na hongera, binti anakwenda ng'ambo. Atuletee mkwe Mkenya." Akatema. "Ila nyumba yako ina siku tatu daftarini."

"Siku tatu za nini?"

"Za msaragambo. Wa ndiva. Si unajua wafadhili walitoa saruji kwa masharti ya nguvu za wananchi? Siku zinahesabiwa, wanakuja kukagua, kila nyumba ina mstari wake." Akatema tena. "Mimi sina neno mama. Nenda kwa mtunza daftari, aniletee likiwa safi, nakuandikia hapo hapo."

Nilitoka nje upesi. Si kwa sababu ya siku tatu. Ilikuwa ile sauti ya kutema kati ya neno na neno, kama vile mimi na mume wangu na binti yetu tulikuwa kwenye muwa ule ule.

Sasa lazima niseme habari za daftari, maana hapa ndipo ninapojichukia.

Kwa miaka minne mtunza daftari nilikuwa mimi. Sikusoma zaidi ya darasa la saba lakini mwandiko wangu unasomeka, na watu walisema sina upendeleo. Kweli sikuwa nao. Nilikaa juu ya jiwe pale ndiva, nikaandika niliowaona. Nisiyemwona sikumwandika. Wakinijia na sababu, nilikuwa na jibu moja, na nililipenda: "Daftari halina sikio." Wenzangu walicheka, nami nikajiona nimesema la maana.

Mwaka mmoja jirani yetu wa bondeni hakuja siku mbili. Mimba yake ilikuwa imetoka. Kitongoji kizima kilijua, mimi pia nilijua, na nilikuwa nimempelekea uji. Nikamwandika hakuhudhuria. Baadaye alitaka barua ya kijiji ili afungue kibanda mnadani, akaja kwangu, akasimama mlangoni akiwa bado mwembamba wa kuumwa, akaniomba nimfutie. Nikamwambia daftari halina sikio. Alilipa zile siku mbili kwa kubeba mawe, na kibanda kikachukuliwa na mtu mwingine.

Mume wangu alipoanza kuumwa niliacha daftari. Aliyelipokea ni huyo huyo jirani wa bondeni. Nilimfundisha mwenyewe namna ya kuchora mistari na kuandika tarehe.

Kwa hiyo nilipotoka kwa mtendaji nilishuka bondeni kwake. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alinikaribisha kigoda, akaingia ndani akarudi na daftari limefungwa kwenye kanga ili lisiingie moshi. Hata hilo la kanga nilimfundisha mimi.

"Siku ya kwanza hii," alisema. "Ulikuwa hospitali na marehemu. Nilijua. Lakini sikukuona."

"Sawa."

"Ya tatu hii, mlikuwa bado matangani."

"Sawa. Na hii ya katikati?"

Alirudi kwenye maharage, akawa anatoa mawe ambayo hayakuwepo. Nikavuta daftari nikasoma tarehe. Nikaisoma tena. Kila nyumba ya kitongoji chetu ilikuwa na alama ya kuhudhuria siku ile, kuanzia juu hadi chini, nyumba zote. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu, wetu.

"Siku hii tulizika," nilisema.

"Dada."

"Siku hii tulizika. Huku kwetu mtu hapigi jembe maiti ikiwa ndani. Nani alikwenda ndiva?"

"Hakuna aliyekwenda ndiva."

"Sasa walifanya kazi gani?"

Alinyanyua uso. "Walichimba," alisema. "Si unajua walichimba nini."

Alinieleza kwa sauti ndogo. Wakaguzi wa saruji walikuwa wanakaribia na siku za kitongoji hazikutosha. Asubuhi ya mazishi mwenyekiti alikuja nyumbani kwetu, akaona watu wote wamekusanyika, wanaume na sururu na majembe wanachimba kaburi, wanawake wanapandisha maji na mawe ya kuzungushia. Akamwambia yeye, kama mtunza daftari, aende akalilete. Akasema nguvu za wananchi ni nguvu za wananchi, ardhi ni ardhi, na mtu haulizwi amechimba shimo gani. Naye jirani akalileta, akaandika aliowaona, akiwa amekaa juu ya jiwe nyuma ya banda langu la mbuzi.

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa ndani, dada. Sikukuona." Alivuta ungo magotini. "Nimefanya ulivyonifundisha."

Nilifikiri juu ya makande yaliyopikwa siku ile, masufuria mawili makubwa, na binti yangu jikoni anakoroga machozi yakimtoka kwa moshi na kwa baba yake. Wale waliokula makande yale waliandikwa. Aliyefiwa hakuandikwa. Katika kitongoji kizima, siku ambayo watu walichimba kaburi la mume wangu, mtoro nilikuwa mimi.

Nilipofika nyumbani nilikwenda nyuma ya banda la mbuzi nikatapika. Wakati huo sikuwa najua kama natapika kwa ajili yao au kwa ajili yangu. Bado sina hakika.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikamwomba anipe siku tatu hata leo, nishike karai nikatoe tope ndiva peke yangu mpaka deni liishe. Ni mtu wa umri wa marehemu, walicheza pamoja utotoni. Alinionea huruma kweli, na huruma yake ilinichefua kuliko muwa wa mtendaji.

"Shemeji, haiendi hivyo," alisema. "Msaragambo unaitwa na uongozi. Mtu akienda peke yake na karai, hicho ni kibarua. Tutaita mwingine watu wakishamaliza kupanda."

"Watu wakimaliza kupanda chuo kitakuwa kimefunguliwa."

"Ndiyo maana nakwambia ufanye kama wenzako. Tia sahihi kwenye hizo siku tatu, mtunza daftari aweke alama, tumalize. Nani atakusema? Wote tulikuwepo."

"Wote mlikuwepo, kwa hiyo wote mnajua sikuwepo."

"Shemeji," alisema, akanishika bega. "Ni karatasi tu."

Maneno hayo nilikuja kuyasikia mara nyingi siku zile. Ni karatasi tu. Lakini mbona karatasi hiyo ikikosekana mtoto hasomi? Kama ni karatasi tu, si waniandikie bila uongo?

Nyumbani nilimwambia binti yangu kwamba sitatia sahihi. Nilimweleza yote, na habari ya jirani wa bondeni pia, maana sikutaka asikie kwa wengine. Alikuwa anafua. Aliendelea kufua muda mrefu, shati la baba yake, lile lile, akilisugua kola ambayo haikuwa na uchafu.

"Mama, wewe unaona kinyaa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Hata mimi naona. Nilikuwa jikoni napakulia wale watu. Nikikumbuka nataka kuwarudia niwanyang'anye sahani." Alikamua shati. "Lakini tia."

"Nitie sahihi kwamba nilikuwa kwenye kaburi la baba yako na jembe?"

"Tia. Baba alisema niende. Hakusema niende daftari likikubali."

"Baba yako hakupenda uongo."

"Baba yangu amekufa, mama." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenikumbusha mahali nilipoweka ufunguo. "Ukikataa, watasema mama yule ni mkweli, watasifu, na mimi nitabaki hapa nachambua tangawizi. Ukweli utakuwa wako. Mimi nitaishi nao."

Alianika lile shati kichwa chini, mikono ikaning'inia.

Nikikaa na neno lake usiku na mchana, niliona jambo ambalo sikulipenda. Kukataa kwangu hakukuwa ukweli mtupu. Kulikuwa na kiburi cha miaka minne juu ya jiwe. Nilitaka nibaki yule mama asiye na upendeleo. Jirani wa bondeni alipoteza kibanda kwa sababu ya usafi wangu, na sasa nilitaka binti yangu apoteze chuo kwa usafi huo huo, nami nibaki nao mkononi nikiutazama. Hilo nalo lilinichefua. Siku zile nilikuwa kila nikigeuka nakuta kitu kinachonuka, na mara nyingi nilikuwa mimi.

Siku ya tatu tangu maneno yake nikaenda.

Ofisini walikuwepo watatu, mtendaji, mwenyekiti na jirani wa bondeni akiwa na daftari kwenye kanga. Kopo la makapi lilikuwa limejaa, hakuna aliyelimwaga. Mtendaji alikuwa mchangamfu, akanifutia kiti kwa mkono.

"Tia hapa mama, na hapa, na hapa."

Nilitia ya kwanza, ya hospitali. Nikatia ya tatu, ya matanga. Ile ya katikati niliiacha. Nikashika kalamu juu yake. Niliona tarehe kwa mwandiko wa jirani yangu, mwandiko niliomfundisha, saba zimekatwa katikati kama zangu.

Mwenyekiti alidhani nitalia. Kwa nia njema kabisa akatafuta la kunichangamsha. "Shemeji, marehemu alipenda kazi," alisema. "Alitusumbua na msaragambo miaka yote. Hata siku ya kuzikwa hakukubali tukae bure, katufanyisha kazi."

Mtendaji akacheka. Mwenyekiti akacheka. Na mimi nikatabasamu. Nimejaribu kukumbuka vingine lakini ndivyo ilivyokuwa, nilitabasamu. Meno yangu yalionekana. Mume wangu alikuwa na miezi miwili ardhini na mimi nilitabasamu ili watu wale wasione vibaya, ili barua itoke. Jirani wa bondeni peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama kanga yake.

Nikatia sahihi.

Mtendaji aliandika barua upesi, kama alivyoahidi. Mhuri ulikuwa umekauka, akauweka karibu na mdomo akaupumulia pumzi ya moto, haa, haa, kisha akagonga. Aliponipa nilisikia harufu ya muwa kwenye karatasi. Barua ilisema mwombaji ni mtoto wa nyumba fulani ya kijiji hiki, na kwamba mama yake mzazi ni mwananchi mwema anayeshiriki kikamilifu kazi za maendeleo. Kikamilifu. Niliisoma njiani mara nyingi, mpaka binti yangu akaninyang'anya akaiweka kwenye bahasha.

"Utaichakaza," alisema.

Yaliyofuata yalikwenda bila kikwazo, na hilo pia lilinikera. Kata waligonga mhuri bila kuuliza. Same walipokea makaratasi yetu kwa adabu. Dada mmoja aliyekuwa mezani alitazama ile barua, akasema mama una sifa nzuri kijijini. Nikasema asante. Pasipoti ilitoka, shangazi wa Taveta akashughulikia maombi ya upande wake, na wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa kibali kikatoka. Binti yangu aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye kenchi ya jiko. Niliruka naye. Katika hilo hapakuwa na uongo, nilifurahi, na sitaki kuandika kwamba sikufurahi.

Nilimsindikiza mpaka barabara kuu pale Same. Alikuwa amevaa lile shati la baba yake chini ya sweta. Alipopanda alinishika mkono kupitia dirishani.

"Mama, usijitafune," alisema.

"Nenda ukasome."

"Nakuuliza, utajitafuna?"

"Nitajitafuna kidogo. Nenda."

Mwezi uliofuata, maji ya ndiva yakishafunguliwa na bwawa limebaki na tope, nilikwenda na karai. Sikumwomba mtu. Nilivua kandambili nikaingia. Tope la ndiva linanuka, ni jeusi, lina majani yaliyooza na vyura, na linakushika mguu usitoke. Nilitoa karai baada ya karai kuanzia saa nne mpaka mwenye zamu ya jioni alipokuja kuziba ndiva ijae usiku. Watu waliopita njia ya juu walisimama wakatazama.

"Mama, umeitisha msaragambo wa peke yako?" mmoja aliniita.

"Nimeitisha," nilimjibu. "Shuka nikuandike."

Alicheka akaondoka. Hakushuka.

Siku ya pili jirani wa bondeni alikuja. Alisimama ukingoni kwa muda, kanga mabegani. Kisha akaifunga kiunoni, akavua kandambili zake akaziweka kando ya zangu, akaingia. Tulifanya kazi mpaka mgongo ukakataa.

"Zile siku mbili zako," nilimwambia. "Za ile mimba. Nilijua, na nikakuandika."

"Nilishasahau."

"Hujasahau."

Alitupa karai lake la tope ukingoni, likatoa sauti mbaya. "Sijasahau," alisema. "Nilikuchukia mpaka uliponikabidhi lile daftari. Nikasema sasa nitaona na yeye. Nikakuona." Alijifuta paji la uso kwa kiwiko, akabaki na tope pale pale. "Sikufurahi kama nilivyodhani."

"Nisamehe."

"Beba tope, dada. Jua linakwenda."

Hizo zikawa siku mbili, ya hospitali na ya matanga. Hazikuandikwa popote na hazifuti kitu. Niliwahi kufikiri nimwombe jirani daftari niandike ukweli pembeni ya ile tarehe ya katikati, kwamba mtu huyu alikuwa ndani na maiti. Lakini nikichafua daftari nachafua barua, na barua imebeba pasipoti, na pasipoti imebeba kibali, na juu ya vyote hivyo amekaa mtoto na madaftari yake mwenyewe. Kwa hiyo sahihi ipo, na itakaa. Wafadhili walikuja, wakahesabu siku, wakapiga picha na mwenyekiti, wakaondoka wameridhika.

Ikabaki siku ya katikati. Hiyo sikujua nitailipaje, maana kazi ya siku ile ilikwishafanyika na haifanyiki mara mbili.

Kisha nikaona kaburi. Mvua za vuli zilikuwa zimelishusha. Udongo uliochimbwa na kurudishwa haukai kama wa kwanza, na walichimba kwa haraka siku ile, mwenyekiti akiwa na wakaguzi wake kichwani. Upande wa miguu palikuwa na shimo la kutosha mbuzi kulala, na kweli nilimkuta mbuzi amelala. Nikamfukuza. Nikachukua jembe na debe, nikachimba udongo mwekundu ukingo wa juu wa shamba, nikaanza kubeba. Nilibeba, nikamwaga, nikashindilia kwa miguu mitupu, nikaona haya kumkanyaga, nikaendelea kumkanyaga kwa sababu usiposhindilia unashuka tena.

Nilianza asubuhi nikamaliza jua likiwa limepinda. Hakuna aliyeniona. Mawe ya kuzungushia niliyarudisha moja moja, mawe yale yale waliyopandisha wanawake siku ile na kuandikwa kwayo. Kisha nikakaa chini, mikono imejaa udongo wake, na simu ikalia mfukoni. Alikuwa binti yangu, anatoka darasani. Aliuliza nafanya nini.

"Msaragambo," nilimwambia.

"Leo? Wameitisha?"

"Hapana. Nilikuwa nadaiwa."